Icon ni Nganya Tu, Nipeni Serenade

Wasee, niliandika kwamba Icon of the Seas si meli bora ya Royal Caribbean, nikatukanwa hadi usiku wa manane. Ati nina wivu. Ati sijawahi kupanda hata feri ya Likoni. (Nimepanda, tena nikiwa nimesongwa na kuku wa wenyewe.)

Sawa, tupimane. Icon ilianza safari Januari 2024 huko Miami: ghorofa 20, mabwawa 7, mitelezo 6 ya maji, hadi abiria 7,600. Serenade of the Seas ni ya 2003, kundi la Radiance, abiria kama 2,100 wakilala wawili wawili. Haina uwanja wa barafu wala mitelezo ya kupiga nayo video.

Na wale mnaotetea meli ndogo kwa kusema Icon ina msongamano, wacheni hiyo. Ukigawanya ujazo wa meli kwa abiria, Icon inampa kila mtu nafasi zaidi kidogo. Mimi nilipiga hesabu nikanyamaza.

Shida yangu ni bahari. Icon ina vyumba ambavyo baraza yake inaangalia ndani, kwa bustani ya katikati ya meli. Yaani umelipa, umepanda ndege, umeamka, umefungua pazia, unaona jirani wa ng'ambo akijikuna tumbo. Hiyo si Pipeline? Pipeline ya Embakasi unaipata bila pasipoti! Kwa Radiance hata kuna lifti za vioo zinazotazama bahari.

Halafu inaenda wapi? Icon inazunguka Karibi wiki moja, inarudi Miami. Kituo chao kikubwa ni CocoCay, kisiwa cha kampuni yenyewe. Unashuka meli yao, unaingia kisiwa chao. Ni nganya kabisa: muziki, taa, skrini kila kona, hadi unasahau kuuliza inaelekea wapi.

Sasa ile safari ya siku 274 tuliyofuata sote TikTok, Desemba 2023 hadi Septemba 2024, mnakumbuka ni meli gani? Serenade! Kampuni ilikuwa tayari na meli za kundi la Oasis, zaidi ya mara mbili kwa ukubwa, na bado ikatuma hii. Meli za Radiance zina upana wa mita 32 hivi, zinapita hata malango ya zamani ya mfereji wa Panama. Meli ya mita 365 kama Icon haiwezi kuegeshwa popote tu.

Lakini tangu Jewel of the Seas ya 2004, hakuna meli nyingine ya Radiance iliyoingia majini. Hizo nne zinazeeka, na nyinyi mnapigia makofi mitelezo.

Mwenye watoto watatu apande Icon, simkatazi. Lakini usiniambie umeona dunia na ulikuwa unaangalia baraza ya jirani.