Mbegu za msonobari ni nzuri, lakini mama anza na karanga zako

Hii ni sehemu ya 9 ya mfululizo wetu wa chakula cha mtoto. Ni ndefu kidogo, kaa na chai yako.

Wiki hizi mbili swali limekuwa moja: "Nesi, nimeona mtandaoni mbegu za msonobari zinajenga ubongo wa mtoto, nazipata wapi?" Mmoja alishanunua kapakiti na anataka kujua aweke vijiko vingapi kwenye uji wa mtoto wa miezi saba. Mwingine yuko Mufindi, anauliza kama anaweza kuokota zile za kwenye miti ya jirani.

Nitawajibu wote, ila msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Mbegu za msonobari ni chakula kizuri. Lakini kama mfuko wako ni wa kuhesabu, usizinunue. Chukua karanga, korosho au mbegu za maboga, halafu nguvu zako zote zipeleke kwenye kuchambua, kusaga na kumpa mtoto kwa njia salama. Huko ndiko watoto wetu wanakopata faida, na huko huko ndiko wanakoumia.

Kwanza, ni kitu gani hiki?

Msonobari ni ule mti ambao wengi tunauita paini. Jina lenyewe limetoka kwa Waarabu, na kwao hizi mbegu ni za siku nyingi jikoni. Lebanon na Syria wanazikaanga kwenye samli mpaka ziwe rangi ya dhahabu, kisha wananyunyizia juu ya wali na nyama. Waitalia wanazitwanga pamoja na majani ya rihani, kitunguu saumu, jibini na mafuta ya zeituni, wanapata mchuzi mzito unaoitwa pesto.

Bei yake ni kali kwa sababu zinatoka kwenye aina chache tu za msonobari, na matunda yake huchukua miaka miwili hadi mitatu kukomaa. Dada yangu wa Mufindi, misonobari ya Sao Hill ni ya mbao. Mingi ni aina ya Pinus patula iliyotoka Mexico, na mbegu zake ni ndogo mno, hazina kiini cha kula. Usijisumbue kuokota.

Kama umeshanunua, usizitupe. Zikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika mbili au tatu, huku unakoroga, maana zinaungua ukigeuka tu. Zilizobaki weka kwenye friji, kwa sababu mafuta yake huharibika upesi. Na ukiona siku moja au mbili baada ya kuzila kila kitu mdomoni kinakuwa kichungu kama umelamba chuma, usiogope. Kuna aina fulani ya msonobari inayoleta hali hiyo. Inaweza kukaa siku kadhaa hadi wiki chache, kisha inaisha yenyewe.

Sasa tulinganishe

Chukua gramu 100 za kila moja, mbichi. Mbegu za msonobari zina protini karibu gramu 14. Korosho zina 18. Karanga zina 25. Mbegu za maboga, hizi ambazo wengi tunazitupa jalalani, zina kama 30.

Njoo kwenye madini chuma, yanayosaidia mtoto asipungukiwe damu. Karanga zina karibu miligramu 4.6, msonobari 5.5, korosho 6.7, na mbegu za maboga zinafika karibu 9. Zinki, inayosaidia mtoto kukua na kupambana na magonjwa, pia ni nyingi zaidi kwenye mbegu za maboga.

Msonobari anashinda wapi? Kwenye mafuta. Ana karibu gramu 68, mengi yakiwa yale mazuri kwa moyo. Lakini karanga nazo zina karibu gramu 49, na mengi ni mazuri pia. Kuhusu ubongo, hakuna mbegu moja inayojenga ubongo wa mtoto peke yake. Ubongo unajengwa na maziwa ya mama, mayai, samaki, dagaa, mboga, matunda, madini joto, usingizi, na wewe kuongea naye. Anayekuambia kapakiti kamoja kanafanya kazi yote hiyo anataka kukuuzia.

Kama bado una wasiwasi na karanga, angalia tunachowapa hospitalini watoto wenye utapiamlo mkali wasio na matatizo mengine makubwa. Ni ile pakiti ya chakula dawa, gramu 92 zenye kalori 500. Ndani yake kuna siagi ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Ukiangalia mtoto aliyekuja amelegea anavyoanza kukaa mwenyewe baada ya wiki chache za hiyo pakiti, huwezi tena kuidharau karanga.

Hofu ya aleji

Kuna mama wanaochelewesha karanga hadi mtoto afike miaka mitatu. Zamani hata wataalamu wa nchi nyingine walishauri hivyo. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya aleji. Nusu walipewa vyakula vya karanga tangu wakiwa wachanga, nusu wakazuiwa. Walipofika miaka mitano, wenye aleji ya karanga walikuwa kama 17 kwa kila 100 kwa waliozuiwa, na kama 3 kwa kila 100 kwa waliokula. Ushauri ukabadilika.

Kwa hiyo mtoto akishatimiza miezi sita na kuanza kula, karanga iliyosagwa laini anaweza kupewa. Anza na kiasi kidogo sana, ncha ya kijiko ndani ya uji, mchana ukiwa nyumbani, siku ambayo hujaanzisha chakula kingine kipya. Akiendelea vizuri, panda polepole hadi vijiko viwili vidogo vya siagi ya karanga kwenye uji, mara tatu kwa wiki. Akitoka vipele mwili mzima, akivimba midomo, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida, kimbia hospitali, usisubiri kesho. Na kama mtoto wako ana ukurutu mkali wa ngozi au tayari ana aleji ya mayai, ongea na daktari kabla hujaanza.

Kitu cha kwanza kinachoumiza: karanga nzima

Hapa naomba tusikilizane. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima. Wala korosho nzima, wala kashata, wala hizo mbegu za msonobari zikiwa nzima. Magego yake hayajakaa sawa kusaga kitu kigumu, na anakula huku anacheka na kukimbia. Karanga inateleza, inaingia njia ya hewa.

Akipaliwa na akawa hawezi kulia wala kukohoa, usimpe maji na usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja. Ikikataa, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, kisha rudia. Aliyezidi mwaka, mpige mgongoni mara tano, kisha simama au piga magoti nyuma yake, bana tumbo juu ya kitovu ukivuta ndani na juu mara tano. Mwenzako aite msaada na kutafuta usafiri huku wewe unaendelea.

Kuna na hali nyingine inayodanganya. Mtoto anapaliwa, anakohoa sana, halafu ananyamaza na kuendelea kucheza. Nyumbani mnashukuru Mungu, mnasahau. Kumbe karanga imekaa kwenye tawi la njia ya hewa. Baada ya siku kadhaa kinakuja kikohozi, homa, kifua kinakoroma, anatibiwa nimonia, anapona kidogo, inarudi. Kuitoa kunahitaji hospitali kubwa, dawa ya usingizi na kifaa cha kuingiza kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo ukimleta mtoto mwenye kikohozi kisichoisha, tuambie kama aliwahi kupaliwa, hata kama ni wiki tatu zilizopita. Hatutakugombeza. Hiyo sentensi moja inaweza kumfupishia mtoto mateso.

Kitu cha pili: sumukuvu

Karanga na mahindi vikikaa na unyevu huota kuvu, na kuvu wengine huacha sumu tunayoiita sumukuvu. Haina rangi wala harufu unayoweza kuitegemea. Moto wa jikoni unaua kuvu, lakini sumu yenyewe kwa sehemu kubwa inabaki hata uji uchemke nusu saa. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi inaharibu ini na kuleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina B. Tafiti pia zimeihusisha na watoto kudumaa. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaua. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na kufa 125 kwa mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara, wakaugua 68 na kufa 20.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua baadhi yenu mtanuna. Ni huu unga wa lishe wa mchanganyiko: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, na sasa korosho na mbegu za msonobari, vyote vinasagwa mashineni mara moja, ndoo nzima, mtoto anakula miezi miwili. Mama anafanya kwa upendo, namwelewa. Ila karanga ikishasagwa mafuta yake yanakuwa wazi, yanaharibika, na unga wote unaanza kutoa harufu ya mafuta ya zamani. Ukishapata unyevu, kuvu anaingia. Na punje moja mbovu ikishasagwa humo huwezi tena kuiona na kuitoa.

Ushauri wangu ni huu: unga saga wa nafaka moja au mbili tu. Karanga ziweke pembeni, zikiwa nzima, uziingize siku ya kupika.

Fanya hivi:

1. Nunua karanga kidogo, za wiki moja au mbili, kutoka kwa muuzaji anayekuruhusu kuziangalia. Zile zilizokwishasagwa sokoni ziache, hujui zilikuwaje.
2. Mwaga kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Usimpe kuku wala usiweke kwenye mboga ya wakubwa. Tupa.
3. Kaanga kwa moto mdogo, zikipoa sugua maganda mekundu yatoke, kisha chambua tena. Mbovu nyingine huonekana hapo. Ukionja ikawa chungu, tema.
4. Saga au twanga za siku mbili tatu tu, laini kabisa. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Kuchambua hakuondoi sumu yote, lakini kunapunguza sana, kwa sababu mara nyingi sumu nyingi imejikusanya kwenye punje chache mbovu.

Jikoni

Kwa uji wa mtoto, uji ukikaribia kuiva weka siagi ya karanga, koroga, uchemke dakika chache. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko.

Kwa familia nzima, mchicha au kisamvu cha karanga. Mboga ikiiva na kitunguu na nyanya, changanya karanga iliyosagwa na maji kidogo, mimina, acha ichemke kwa moto mdogo huku unakoroga isishike chini. Kisamvu kitwange na ukichemshe vizuri kwanza.

Mbegu za maboga zioshe, zianike zikauke kabisa, zikaange, zimenye, zitwange. Nyunyizia kwenye wali, maharage au ndizi za mtoto. Na wewe uliyetamani ule wali wa Lebanon, kaanga korosho zilizovunjika za Mtwara kwenye samli, mwagia juu ya pilau ya wakubwa. Utamu utaupata.

Chakula kikiisha mpe mtoto kipande cha chungwa, embe au papai, mwili uchukue madini chuma vizuri. Chai ya rangi usimpe, inayazuia.

Sijasema mwenye uwezo asinunue mbegu za msonobari. Nunua, kula, furahi. Ninayemfikiria ni yule mama anayejiona amemkosesha mtoto kitu kwa sababu hana hela ya kapakiti. Mdogo wangu, hujamkosesha. Kwa hela hiyo unapata kilo kadhaa za karanga, trei la mayai na dagaa. Chambua tu vizuri, saga laini.

Mtumie mama mwenzako, na bibi anayebaki na mtoto mchana, maana huyo ndiye anayempa kashata. Sehemu ya 10 tutaongelea dagaa. Usiku mwema.