Daftari la Wiki: Nani Anafanya Nini

Vijana wa hapa Baraka, mji wetu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, wameshikwa na homa ya sinema. Wiki hii wameniletea mawazo ya filamu zao, kila wazo sentensi moja tu, ile ambayo mwenye pesa huisoma kwanza na mara nyingi huishia hapohapo. Ya kwanza ilikuwa hivi: "Mwanamke aliyebakwa na kufukuzwa na mumewe anaokolewa na daktari kutoka Ulaya."

Nikauliza: mama huyu anafanya nini? Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Papa, anateseka."

Tukaandika vitenzi vyake kwenye karatasi. Alibakwa. Alifukuzwa. Anaokolewa. Vyote vya kutendwa. Mtendaji ni daktari, anayefika sentensi ikiwa karibu kwisha. Basi filamu ni ya daktari, na mama amekaribishwa tu mlangoni. Sikuwalaumu. Filamu nyingi walizokulia nazo, za kuonyeshwa uwanjani usiku, zililetwa na mashirika pamoja na jenereta, na sentensi yao ina harufu ya ripoti ya mradi.

*

Nikawakumbusha kesi iliyosikilizwa mji huuhuu. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la taifa waliwavamia watu wa Fizi, wakabaka na kupora. Februari mahakama ya kijeshi inayohamahama ikaja kuketi Baraka. Wanawake zaidi ya arobaini walitoa ushahidi, na tarehe 21 luteni kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, yeye na wenzake kadhaa.

Haya, andikeni upya. Wakakuna vichwa, wakatoa hii: "Mwanamke wa Fizi anashuka Baraka kumshitaki kamanda, huku akijua jioni lazima arudi kulala kijiji kilekile." Hapo kuna filamu. Anashuka, anashitaki, anarudi, na hatari iko njia zote mbili. Shahidi wa kesi kama hiyo huenda akajifunika uso, na nimewaonya mapema: kamera isiende kuutafuta uso huo chini ya kitenge. Kujifunika ni uamuzi wake.

"Na daktari, Papa?" Daktari apewe onyesho moja, atibu, aende zake.

*

Fizi yenyewe imewahi kukatwa kwenye filamu. Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965, akakaa milima hii hadi Novemba, akiitwa Tatu. Filamu ya Steven Soderbergh ya 2008 juu ya maisha yake ina sehemu mbili na inapita saa nne: Kuba, halafu Bolivia. Miezi yetu saba imerukwa. Tulioisoma historia hiyo tumezoea, hata matusi hatutoi tena.

Lakini sitaki tumlilie Che, maana yeye hana upungufu wa filamu. Kando yake alikuwepo kijana Mkongo, Freddy Ilanga, mwenye miaka kumi na mitano hivi, aliyemfundisha Kiswahili na kumtafsiria. Kisha akapelekwa Kuba, na miaka kama arobaini ikapita bila habari za nyumbani. Mwaka 2009 Katrin Hansing alitoa filamu fupi juu yake, na humo Che ndiye mhusika wa pembeni. Milima ileile, mwaka uleule.

Niliwaandikia ubaoni: "Kijana anayemfundisha mgeni mashuhuri Kiswahili anapelekwa ng'ambo ya bahari, na njia ya kurudi inafungwa." Msichana wa nyuma, ambaye siku zote hunyamaza, akanyoosha mkono: "Papa, 'anapelekwa' si kutendwa?" Ni kutendwa, na ndiyo maana sentensi haijaisha. Freddy alisoma udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo. Mtu anaweza kuanza kwa kutendwa. Vita vinatutenda sote huku. Ubaya ni nukta ikiwekwa hapo.

*

Sentensi tatu kati ya zilizoletwa ni za kijana Mbembe anayempenda msichana Mnyamulenge, watu wa makabila yanayozozana hapa. Tatu! Katika zote msichana ni mzuri, analia, na ana ng'ombe wa baba. Nimeandika pembeni swali moja: yeye anataka nini ambacho kijana hakijui? Na adui asiwe kabila. Kiangazi kikikaza, mchungaji anashusha ng'ombe kutafuta majani, shamba la mkulima liko njiani, chifu anasubiri fungu lake, na kijana mwenye bunduki anasubiri lake. Hao ni watu wanne wenye haja nne, na hakuna aliyehitaji kuitwa shetani.

*

Nyingine ni ya mkimbizi Mrundi wa kambi ya Lusenda "anayetafuta amani". Amani haipigwi picha. Nimeomba mkimbizi huyo atafute kitu kinachoshikika: cherehani aliyoiacha upande wa pili wa ziwa, au shamba la kukodi kwa mwenyeji asiyemwamini.

*

Aliye na uwezo atafute filamu ya Dieudo Hamadi ya 2020, *En route pour le milliard*. Watu waliojeruhiwa katika Vita vya Siku Sita vya Kisangani, Juni 2000, wengine bila miguu, wanapanda boti ya mizigo kushuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Wanagombana, wanataniana, wanachoshana kwa hotuba. Mtazamaji anaweza hata kumchukia mmoja wao kidogo, na heshima hiyo walemavu wa sinema hawaipati mara nyingi.

*

Ijumaa tulikaa nje, karibu na mama anayeuza ndagala. Alitusikiliza tukibishana juu ya mwanamke wa Fizi, mwisho akauliza: "Huyo atakayejifanya yeye, mtamlipa ngapi?"

Vijana wakatoa bajeti. Mafuta ya jenereta yamo, pikipiki za kubeba vifaa zimo, chakula cha mwongozaji kimo. Mwigizaji hayumo. Nimewarudishia karatasi, wailete tena Jumatatu pamoja na senario.