Nasaha za Nyumbani: Binti Anayejifunza Kuchora kwa Mkono



Wiki hii twaitoa safu hii yote iwe jawabu la barua moja. Imetufikia kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kilomita zipatazo 900 kutoka Mombasa. Mwandishi ni mama wa Kipwani aliyemfuata huko mumewe, dereva wa trela. Jina lake tumelihifadhi.

Binti yake mkubwa amemaliza mwaka wa kwanza wa usanifu majengo katika chuo kimoja cha Nairobi. Hesabu amefaulu na fizikia amefaulu. Kilichomwangusha ni somo la kuchora kwa mkono mtupu, bila rula wala kompyuta. Amerudi nyumbani na bahasha ya karatasi zilizojaa alama nyekundu, na chuo kitakapofunguliwa baada ya wiki nane atatakiwa kulirudia somo hilo. Ami yake, ambaye ndiye asaidiaye karo, ashauri ahamishiwe masomo ya biashara, kwani siku hizi kompyuta ndiyo ichorayo. Bibi yake ana hofu nyingine: kwamba kuchora picha kumekatazwa katika dini, na kwamba si stara msichana kuketi njiani na daftari ilhali madereva wanapita. Mama auliza: “Tumwache aendelee, au tumwondoe mapema kabla fedha hazijapotea zaidi?”

Masomo ya usanifu majengo yaweza kufika miaka sita, na karo yake si jambo dogo kwa nyumba inayotegemea mshahara wa dereva. Swali la mama huyu ni la haki. Ndani yake kuna maswali matatu, nasi twayajibu moja baada ya jingine.

La kwanza: je, kuchora ni kipawa cha kuzaliwa nacho? Sisi wanawake wa Pwani tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini hivyo. Tumtazame mpakaji hina anapomtayarisha bibi harusi. Hapigi mstari wa penseli kwanza, wala hana kifutio. Avuta ua na jani na mzabibu juu ya ngozi isiyotulia, na mstari wake hautetemeki. Nani alimzaa akijua? Alianza kwa kuwachafua wadogo zake mikono, akachekwa, akarudia mpaka mkono ukatii jicho. Mkono wa mwanafunzi wa usanifu hufunzwa kwa njia hiyohiyo. Binti anayeshindwa mwaka wa kwanza mara nyingi hajakosa kipawa. Ametoka katika shule ambayo hakuna aliyemfunza kuchora, akawekwa darasani na wenzake waliofunzwa.

Tena mwalimu hatafuti picha ya kupendeza. Autafuta ushahidi kwamba mwanafunzi ameona. Wengi wetu tukiambiwa tuchore nyumba twachora ile iliyomo kichwani: pembetatu juu ya mraba, na mlango katikati. Kuchora kwa mkono humlazimisha mtu aiache nyumba ya kichwani na kuitazama iliyo mbele yake: mlango uko kushoto, dirisha moja liko chini kuliko jenzake, ukingo wa paa umetokeza hatua nzima mbele ya ukuta. Ndiyo maana vyuo vinaendelea kulifundisha somo hili.

La pili: je, kompyuta haitoshi? Ami yu sahihi kwamba michoro ya mwisho, ile ipelekwayo kwa serikali ya kaunti kuidhinishwa, siku hizi hutolewa kwa kompyuta. Lakini kompyuta huchora kwa unyoofu lile ambalo mtu amekwisha kuliamua, na maamuzi hupatikana kabla yake, katika karatasi kumi au ishirini za harakaharaka. Fundi naye, akiwa juu ya jukwaa na saruji yake yaanza kukauka, hasubiri mashine iwashwe. Ataka achorewe sasa hivi, juu ya ubao au juu ya ukuta, namna boriti ikutanavyo na nguzo. Msanifu asiyeweza kufanya hivyo huishia kuagizwa na mafundi wake.

Mifano ya hili haiko mbali nasi. Hassan Fathy wa Misri, aliyeishi kati ya 1900 na 1989, alikijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, na michoro yake ya rangi ya mkono yatazamwa hadi leo. Zaha Hadid, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1950, kwa miaka mingi alijulikana kwa michoro yake zaidi kuliko majengo, maana mengi aliyoyabuni hayakujengwa. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa katika fani hiyo. Huku kwetu, msanifu Usam Ghaidan, mzaliwa wa Iraq, alitoa mwaka 1975 kitabu juu ya mji wa Lamu ambamo nyumba zetu za mawe zimechorwa na kuelezwa kwa makini. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta zinaporomoka, lakini nyumba iliyochorwa vizuri huweza kutengenezwa upya kama ilivyokuwa.

La tatu ni la dini na stara. Hofu ya bibi ina asili, wala haifai kudharauliwa. Wanavyuoni wamelizungumza kwa mapana suala la kuchora vyenye roho, na wamekhitalifiana katika baadhi ya sehemu zake. Lakini imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya picha, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kazi ya msanifu karibu yote imo humo: kuta, matao, ngazi, miti, mawe, kivuli na nuru. Mahali ambapo vyuo hutaka umbo la mtu ili ukubwa wa jengo ufahamike, wanafunzi wengi huweka alama tupu isiyo na uso, au kitu ambacho kila mtu akijua kimo chake, kama vile mlango, kiti, mtungi au baiskeli. Likibaki la kutia shaka, amwendee shekhe wake na karatasi mkononi, aone kinachoulizwa.

Ama stara, twaomba lifikiriwe jambo moja. Nyumba ya Lamu ilipangwa kwa ajili ya stara. Mgeni hupokewa kwenye daka, na njia ya kuingilia hupindishwa ili jicho la barabarani lisifike kiwandani. Kisha huja msana, na nyuma yake ndani, penye zidaka ukutani. Nani leo awezaye kuzipima na kuzichora sehemu hizo za ndani pasi na kuwaudhi wenyewe? Mwanamume husimama kwenye daka na kungoja. Binti huyu ataingia, akaribishwe na chai. Na nyumba za kisasa zinazojengwa na jiko likitazamana na mlango wa mbele, mpaka mama akose pa kusimama wageni wa mumewe waingiapo, zingepangwa vingine lau wanawake wangekuwa wengi zaidi mezani pa wachoraji.

Hata hivyo wiki nane ni chache, na nasaha bila mpango huwa maneno matupu. Basi twamwandikia mama mpango ambao binti aweza kuufuata hapohapo Malaba. Hautaki vifaa vya gharama: penseli mbili, moja ngumu na moja laini, kalamu ya wino, daftari lisilo na mistari, na karatasi kuukuu za kufanyia mazoezi.

Wiki mbili za mwanzo asitoke nyumbani. Kila siku baada ya sala ya Alfajiri, kwa dakika 20, apige mistari. Aweke nukta mbili zilizo mbali, aitazame ile aendayo na si ncha ya penseli, kisha auvute mstari kwa mkono mzima kuanzia begani, kwani mstari wa kiganja peke yake hupinda. Ukikosea asifute, apige mwingine kando yake. Kisha achore vyombo vya jikoni: sufuria, kikombe, birika. Mdomo wa sufuria ni duara, lakini ukitazamwa kwa ubavu huonekana kama yai lililolazwa, na kadiri jicho linavyoshuka yai hilo huzidi kuwa jembamba. Atakayeliweza hili atayaweza matao.

Wiki ya tatu na ya nne atajifunza kupima kwa jicho. Aunyoshe mkono bila kukunja kiwiko, afumbe jicho moja, aipime kwa penseli sehemu moja ya nyumba, tuseme mlango, kisha ahesabu milango mingapi inaingia katika urefu wa ukuta. Mashaka mengi ya wanaoanza hutokana na uwiano huu kukosewa. Baada ya hapo Malaba yenyewe itamfundisha. Msururu wa trela unaongoja kuvuka ni darasa ambalo wenzake wa Nairobi hawana. Trela zile zakaribiana kwa kimo, lakini ya mbali huonekana ndogo. Mstari wa juu ya makontena huteremka na mstari wa magurudumu hupanda, hadi yote mawili yakutane katika nukta moja iliyo sawa na usawa wa macho ya mtazamaji. Aketi, nukta itashuka. Apande dirisha la ghorofani, nayo itapanda pamoja naye. Hapo ataelewa kwa macho yake lile alilolikariri darasani bila kulifahamu.

Kwa stara na usalama, asiende peke yake. Aende na nduguye au shangazi, aketi kwenye baraza ya duka la watu wanaowajua, mgongo ukielekea ukuta. Na asichore ofisi za forodha, uhamiaji wala polisi akiwa amekaa mbele yake, kwani mahali pa ulinzi huzua maswali. Akihitaji hilo, achukue barua ya chuo na kuomba idhini kwanza. Bila ya kuchora jengo lolote aweza bado kujifunza kutokana na kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwaka 2018. Zamani msafiri alisimama pande zote mbili za mpaka. Sasa hukaguliwa mara moja, upande wa nchi aingiayo, na maofisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja. Arudi nyumbani achore kwa kumbukumbu mishale tu: waendao kwa miguu wanapita wapi, na mizigo wapi. Hivyo ndivyo ramani ya jengo lolote la umma inavyoanza.

Wiki ya tano na ya sita azuru soko la Busia, na vijiji vya Wateso na Waluhya vilivyo jirani. Achague kibanda kimoja, akichore mara tatu: kwa dakika 2, kwa dakika 10, kwa dakika 30. Ule wa kwanza humfunza kuchagua lililo muhimu, na ule wa tatu humfunza subira. Pakiwa na nyumba ya msonge, ajiulize kwa nini paa la nyasi limeinama sana, na kwa nini ukingo wake umetokeza mbele ya ukuta wa udongo. Nchi ile ina mvua nyingi. Paa lisiloinama huvuja, na ukuta usiofunikwa huoshwa. Aandike majibu kando ya mchoro pamoja na tarehe.

Wiki mbili za mwisho aichore nyumba yao wenyewe. Apime kwa futi ya utepe, achore ramani ya sakafu, kisha achore nyumba kana kwamba imekatwa kwa kisu kutoka paani hadi chini, ili urefu wa dari na njia ya moshi vionekane. Amuulize mama yake: unasimama wapi ukipika, jua linakuchoma saa ngapi, maji unayabeba hatua ngapi? Karatasi hiyo aende nayo mbele ya mwalimu wake pamoja na daftari zima, kurasa mbaya na nzuri kwa mpangilio wa tarehe, bila kung'oa hata moja.

Kwa ami twasema kwa heshima: msaada wako ni sadaka ya kuendelea, na wasiwasi wako juu ya fedha ni wa haki. Twakuomba uakhirishe uamuzi hadi mwisho wa wiki hizo nane. Usihukumu kwa uzuri wa picha. Fungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho, uvilaze kando kwa kando. Ukiona hakuna tofauti, na binti mwenyewe amechoka, basi biashara ni masomo mema na hapana aibu. Lakini ukiona mstari umetulia na nyumba imesimama imara juu ya ardhi, mlipie.

Na kwako mama, punguza kazi za jioni za binti huyo kwa muda huo, umlindie dakika zake 20 za alfajiri kama unavyomlindia chakula chake. Utuandikie matokeo yakitoka, yawe yoyote.

Twamwomba Mola amfungulie binti yetu huyu kifua chake, aupe mkono wake utulivu, na awajaalie wazazi wake subira na riziki ya halali.

Wabillahi tawfiq.