Kisu cha kambi

Vijana wapenzi, munapojitayarisha kwenda kambi, musidanganywe na kisu cha kung'aa kule sokoni Butembo. Kile cha kukunja kinalegea upesi, na siku moja kitajifunga juu ya vidole vyako. Tafuta kisu kisichokunjwa, chenye urefu wa kiganja tu. Kazi ya kupita hapo ni ya panga.

Angalia mpini kwanza. Chuma kinapaswa kuingia mpaka mwisho wa mti na kufungwa kwa misumari. Kikiingia kidogo tu, kitachomoka wakati unapasua kuni, na mkono ndio utalipa. Fundi anayefua chuma cha resoro ya lori atakupa kisu kigumu kwa bei ndogo. Kweli, kinashika kutu. Basi kipanguse kila jioni na kukipaka mafuta kidogo.

Wazazi nao wasikie hili. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa kwa mapanga upande wa Beni. Kijana anayetembea na kisu kiunoni anaogopesha watu, hata kama anakwenda tu kumenya mihogo. Kifungeni ndani ya kitambaa, kikae chini ya mzigo pamoja na sufuria, na mkubwa wa kambi ajue ni nani anacho. Kisu kimoja kwa kundi zima kinatosha.