LAIVU NI LAIVU! WATU WATATU WA MWAKA 1970 WANAVYOWAUMBUA MASTAA WA PLEBEKI

Kuna staa mmoja mkubwa tu, jina kapuni, ambaye akipanda stejini maiki inashuka mpaka kiunoni na sauti bado inatoka kwenye spika. Watu wamelipa kiingilio, wamesimama masaa, halafu wanapigiwa wimbo ule ule ulioko kwenye simu zao. Ukihoji, timu yake inakuja juu: siku hizi watu wanataka shoo, sauti baadaye.

Haya, rudi nyuma kidogo. Juni 1970, bendi ya Grand Funk Railroad kutoka Flint, Michigan, Marekani, ilirekodiwa ikiwa jukwaani huko Florida. Bendi nzima watu watatu: Mark Farner gitaa na sauti, Mel Schacher besi, Don Brewer ngoma na sauti. Novemba mwaka huo huo ikatoka Live Album, santuri mbili kwenye jalada moja.

Watu watatu hawana pa kujificha. Farner akiingia kwenye solo, hakuna gitaa la rithimu la kuziba pengo. Besi na ngoma ndiyo zinabeba nyumba nzima, na mmoja akikosea wote mmeumbuka. Ndiyo maana besi la Schacher linanguruma vile, linafanya kazi ya watu wawili. Sikiliza Inside Looking Out, wimbo ambao The Animals walishautoa mwaka 1966. Hawa jamaa wanaukokota zaidi ya dakika 12, jasho linasikika.

Wajuaji watasema albamu yenyewe ina makelele, solo ndefu, sauti mbovu. Sawa, ni kweli, kuna sehemu Farner anakwaruza na solo ya ngoma inachosha. Lakini hicho ndicho kilichotokea jukwaani, na mnunuzi alipewa hicho hicho. Albamu kibao za laivu za miaka ile ya 70 zilirudishwa studio kupigwa rangi, kisha zikauzwa kama laivu. Kosa la kweli lina heshima kuliko usafi wa kudanganya.

Hata wachambuzi wa Marekani waliwaponda sana hawa, wakawaita bendi ya kelele. Mashabiki wakajibu kwa pochi: albamu ikapata dhahabu, na Julai 1971 bendi ikajaza Shea Stadium, New York, uwanja ambao The Beatles walitikisa mwaka 1965. Watu hawakufuata usafi wa sauti. Walifuata watu watatu wanaotoa kila walichonacho mbele ya macho yao.

Sasa jina kapuni na wenzake wanasema kuimba na kucheza kwa pamoja kunakata pumzi. Basi cheza kidogo, imba zaidi. Au andika kwenye bango kabisa kwamba ni plebeki, bei ya tiketi ishuke, kila mtu aamue. Kumuuzia shabiki tiketi ya laivu halafu kumpigia faili ni kumuibia, tena mchana kweupe.

Wadau, wewe ukikuta staa wako anafuatisha mdomo utadai hela yako au utaendelea kurekodi na simu? Funguka hapo chini kwenye komenti. Matusi hapana.