Mkono Unaokata Samaki

Mwaka 2017, katika jarida la The Atlantic, Ian Bogost alidai kwamba michezo ya video ni bora bila hadithi. Mchezo alioujadili kwa kirefu, What Remains of Edith Finch, ndio unaompinga. Humo, mhusika Lewis anafanya kazi katika kiwanda cha samaki. Mkono wako mmoja unakata vichwa vya samaki, mwingine unamwongoza ndani ya ufalme anaouota. Ndoto inatanda hadi inakifunika kiwanda, na mkono bado unakata. Riwaya ingetueleza kwamba Lewis amezama katika njozi. Hapa mchezaji anazama mwenyewe, na Lewis anapofikia mwisho wake, ni mchezaji aliyemfikisha hatua kwa hatua. Filamu gani, Bogost, ingeweza kumtwisha mtazamaji mzigo huo?