Programu ya mushahara nayo ikaguliwe

Bandugu watumikaji wa Shituru, kila mwisho wa mwezi tunaangalia jumla ku biletini ya mushahara, tunatia sahihi. Lakini ile hesabu inatoka mu programu ya ordinatere, na sheria zilizo ndani yake hatuzioni.

Programu inaweza kutumika muzuri miaka mingi, kisha ikakosa siku mambo yanabadilika. Tarehe 4 Juni 1996, roketi Ariane 5 ilipasuka hewani kule Kourou kisha sekunde karibu 40. Kipande cha programu kilitoka ku Ariane 4, ambako hakikuleta shida. Ku roketi mupya namba ilikuwa kubwa kupita nafasi yake.

Kwetu, mu 1998, franga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya nouveaux zaïres 100.000. Kila programu ya mishahara ilipaswa kugeuzwa, lakini haki ya mutu isigeuke.

Kujaribu na biletini tatu haitoshi. Tangu 1977, Patrick na Radhia Cousot walionyesha njia ya kupima maana ya programu bila kuitumikisha, kwa namba zote zinazoweza kuingia. Mu 2003, kwa njia hiyo, ilihakikishwa kama programu ya kuongoza ndege Airbus A340 haina makosa ya namna ile.

Basi sendika ziombe hivi: kila mara bareme, kodi ao franga inabadilika, kanuni za hesabu ziandikwe wazi na programu ikaguliwe mbele ya delege wetu, kabla mishahara haijatoka. Kisha kulipwa, ni kulalamika tu.